Neno "Therefore" na Migomba ya Jirani



Si desturi ya mwalimu kuandika habari za kosa lake mwenyewe. Mwalimu amezoea kuandika makosa ya wengine, tena kwa wino mwekundu. Lakini kosa tutakalolieleza hapa laweza kumpata mwalimu yeyote afundishaye Kiingereza katika shule zetu. Kwa hiyo tumeona afadhali tuliseme wazi, ili mwenzetu asome ajihadhari. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulikuwa na macho, na daftari lilikuwa mbele yetu, wala hatukutazama.

Twafundisha huku Kimuli, katika wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Zamani tulihesabiwa katika Karagwe, mpaka wilaya ilipogawanywa mwaka 2012. Nchi yetu ni ya vilima na migomba. Mgeni apitaye njiani huona nyumba zimezama ndani ya migomba, na kahawa chini ya migomba, na maharage chini ya kahawa. Ndizi kwetu si tunda la kutafuna safarini; ndizo chakula chenyewe. Yuko mtu atakayekula wali akashiba, kisha akasema hajala, kwa kuwa hajaonja ndizi. Basi msomaji wa mbali na aelewe tangu mwanzo: mtu wa huku akisema, "Migomba yetu imekauka," hasemi habari ya bustani. Asema habari ya chungu chake, na ya ada ya watoto wake.

Watoto wetu hujifunza Kinyambo kwa mama zao, na Kiswahili katika shule ya msingi. Wafikapo sekondari huambiwa kwamba tangu leo hesabu, elimu ya viumbe na jiografia vyote vitasomwa kwa Kiingereza. Majina ya vitu huyakamata upesi: mvua, barabara, mto, ng'ombe. Lakini watakiwapo kusema kwamba jambo hili limezaliwa na jambo lile, hukwama. Maneno madogo yanayounga sababu na matokeo ndiyo yawashindayo, na mtihani hauwahurumii, kwa maana maswali mengi humtaka mtoto aeleze kwa nini. Kwa ajili hiyo kila mwaka twatenga majuma mawili katika Kidato cha Pili kwa maneno hayo peke yake. Tuyapitie kwa ufupi, kwa sababu kosa letu lilizaliwa katika somo hilo.

La kwanza ni tofauti ya "because" na "because of". Hapa Kiswahili chatusaidia. Twasema, "Tulichelewa kwa sababu mvua ilinyesha", tena twasema, "Tulichelewa kwa sababu ya mvua." Kiingereza kina desturi iyo hiyo: "We were late because it rained", bali "We were late because of the rain." Mtoto aandikaye "because of it rained" hakusahau Kiingereza tu, amesahau na Kiswahili chake, hata siku moja hawezi kusema "kwa sababu ya mvua ilinyesha." Tukimkumbusha hivyo hucheka, na akiisha kucheka ni nadra kukosea tena.

La pili ni desturi yetu ya kushika mzigo kwa mikono miwili. Kwa Kiswahili twasema, "Kwa kuwa mvua ilinyesha, kwa hiyo hatukwenda," wala hapana akunjaye uso. Mtoto akifuata njia hiyo huandika, "Because it rained, so we did not go." Kiingereza hukataa. Mto mmoja, daraja moja: ama "because" mwanzoni, ama "so" katikati, wala si yote mawili.

La tatu ni "so" na "so that". La kwanza husema jambo lililokwisha kutokea. La pili husema kusudi, kama neno letu "ili". "She woke early, so she caught the bus": mama huyu amekwisha kupanda basi. "She woke early so that she would catch the bus": hapa twajua nia yake, lakini hatujui kama basi alilipata au lilimwacha njia panda. Mtoto asiyetofautisha haya mawili hawezi kutofautisha anayetaka na aliyefanya.

La nne ni "therefore", pamoja na ndugu zake "as a result" na "consequently". Haya ni maneno ya heshima; hayapendi kuchomekwa kati ya sentensi mbili kwa mkato mtupu. Kwanza sentensi ya sababu hufika mwisho wake, tukaweka nukta au nuktamkato, ndipo neno lije, na mkato baada yake. Sisi huwaambia watoto kwamba "therefore" ni kama mzee wa baraza: hasemi mpaka wengine wamenyamaza, na akisema, shauri limekatwa.

La tano ni "since", neno lenye nyuso mbili. Mara huwa "tangu", mara huwa "kwa kuwa". Mtu asiye mwangalifu huingia kwa uso wa kwanza akatokea kwa uso wa pili. Aanza kwa kusema, "Tangu fulani alipokuja, mambo yameharibika," naye afikiri anahesabu siku tu. Kumbe wanaomsikia wamekwisha kuhesabu makosa.

Tena Kiswahili chetu kina kiungo kidogo kuliko vyote, nacho ni ile -ka-. "Mvua ikanyesha, mto ukajaa, daraja likavunjika, sisi tukalala njiani." Hamna humo neno la sababu hata moja, na kila asikiaye ajua kwamba mvua ndiyo iliyoujaza mto. Lakini tazama na hii: "Jogoo akawika, jua likachomoza." Ile -ka- ni moja, wala jogoo hakulichomoza jua. Kumbe -ka- huyapanga mambo katika mstari, hili mbele na hili nyuma. Haisemi lipi limezaa lipi. Msikilizaji huyajaza mwenyewe. Akiwa na busara hujaza kweli, na akiwa na hofu hujaza anachokiogopa. Wataalamu wa mantiki wa Ulaya waliliona kosa hili zamani, wakalipa jina la Kilatini ambalo maana yake ni kwamba jambo hili limekuja baada ya lile, basi limekuja kwa sababu ya lile. Jina hilo tulilisoma tulipokuwa chuoni kwa wamisheni, tukalikariri, tukalijibia mtihani. Halafu tukaja Kimuli tukalitenda kosa lenyewe.

Ilikuwa wakati wa vuli, mwaka mmoja wa karibuni. Tulikuwa tumewapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike jozi tano za sentensi fupi juu ya mambo ya kwao, sentensi moja kwa jambo lililotangulia, na moja kwa jambo lililofuata. Binti mmoja mwangalifu sana aliandika jozi hii: "Our neighbour came to our farm. Our bananas dried." Yaani, jirani yetu alikuja shambani kwetu, migomba yetu ikakauka. Sentensi zote mbili zilikuwa safi. Nasi kwa wino wetu mwekundu tukaandika chini yake: vizuri, sasa ziunge kwa neno "therefore".

Msomaji na aangalie hapo. Binti hakusema kwamba jirani ndiye aliyeikausha migomba. Aliweka mambo mawili kwa mpango wa kuja kwake, basi. Sisi ndio tuliomwambia ayafunge pamoja kwa fundo la sababu. Hatukumwuliza lolote. Tulikuwa na njaa ya kuona neno "therefore" mahali pake, kama fundi mwenye msumari atafutaye ubao wa kuupigilia.

Binti akatii, akaandika: "Our neighbour came to our farm; therefore, our bananas dried." Nuktamkato ilikuwa mahali pake, na mkato mahali pake. Darasa lina watoto zaidi ya 60, naye alikuwa wa kwanza kuipata bila kosa. Tulifurahi kupita kiasi. Tulimpa alama 10 kwa 10, tukaiandika sentensi ile ubaoni kwa herufi kubwa, tukaliamuru darasa zima liisome kwa sauti mara tatu. Watoto wakasoma kwa sauti moja, na madirisha yalikuwa wazi.

Hatukujua kwamba katika kiti cha nyuma ameketi mjukuu wa jirani huyo. Binti hakumtaja mtu kwa jina. Lakini kijijini "jirani yetu" ni jina kamili, kwa maana kila mtu ajua nani apakana na nani. Jirani yule ni bibi mzee, mjane, aishiye na mjukuu wake mmoja. Wala hatukujua kwamba tangu migomba ilipoanza kunyauka, maneno yalikuwa yakipita chini chini, kisimani na njiani, watu wakiulizana ni nani aliyepita shambani kabla haijakauka. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyasema mbele ya watu. Sisi ndio tuliowafundisha watoto kuyasema, kwa sauti moja, mara tatu, tena kwa lugha ya mtihani.

Kesho yake kijana yule hakuja shuleni. Siku ya pili hakuja, na ya tatu pia. Tulipomwuliza kiranja, aliinama akasema, "Mwalimu, haji kwa sababu watoto wanamwita 'Therefore'."

Wasomaji wa mikoa ya Ziwa hawahitaji kuelezwa kwa nini tulikosa usingizi usiku ule. Katika mikoa hii wako vikongwe waliouawa kwa neno la namna hiyo, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamewekundika kwa moshi wa jiko walilowapikia watoto miaka 50. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 katika zamani za Waingereza na ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, humhesabia kosa amsingiziaye mwenziwe uchawi. Lakini sheria hufika baada ya panga. Neno hufika kabla.

Basi jioni tukaenda kwa bibi. Tulimkuta uani, amekaa juu ya mkeka, anamenya ndizi chache mbichi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae."

Mjukuu akaleta kigoda, asitutazame usoni. Kabla hatujasema tulilolijia, macho yetu yalikwenda kwenye shamba lake, nasi tukanyamaza. Migomba yake ilikuwa katika hali mbaya kuliko ile ya jirani zake. Majani yalikuwa ya manjano, yamevunjika shingo na kuning'inia. Mikungu ilikuwa imeiva kabla ya wakati, ndizi moja ya manjano na ya pili yake bado kijani. Migomba kadha wa kadha ilikuwa imekwisha kukatwa, na penye mkato palikuwa na utomvu wa manjano kama usaha.

"Waona?" akasema bibi. "Yangu ilianza kabla ya yao. Niliazima panga kwao nikakate ile iliyokufa, maana langu limekatika mpini. Nilipomaliza nikalirudisha. Siku hiyo ndiyo nilikwenda shambani kwao. Nilikwenda kurudisha panga, nami mwenyewe nalia migomba yangu."

Tulimwomba radhi. Tulimweleza kwamba kosa si la binti, ni letu, na kwamba hatukukusudia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaiweka chini ndizi aliyokuwa akiimenya, akasema:

"Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Lakini jina langu nalijua, hata likisemwa kwa Kiingereza. Radhi yako nimeipokea. Ila hukunisema hapa uani tukiwa wawili. Ulinisema mbele ya watoto 60. Nenda ukaniseme tena huko huko."

Hatukuwa na la kujibu. Tulirudi nyumbani usiku, na njiani tulifikiri kwamba katika miaka yetu yote ya kufundisha, hakuna mkaguzi aliyepata kutupa agizo lililo sawa kama lile.

Juma lililofuata tulimwomba bwana shamba aje darasani. Alikuja na panga mkononi na kijiti chenye panda, akawaeleza watoto kwa Kiswahili, nao waandike kwa Kiingereza. Ugonjwa ule huitwa mnyauko wa migomba, nao huletwa na bakteria, yaani kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho. Wataalamu waliuandika kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, katika mmea uitwao enseti ambao ni ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na miaka michache baadaye ukawa umeingia kwetu Kagera. Una njia zake za kusafiri. Nyuki na wadudu wengine huuchukua waendapo kutafuta utamu katika lile ua dume jekundu liningʼiniaye chini ya mkungu. Machipukizi yatolewayo katika shamba gonjwa huuhamisha mpaka shamba jipya. Na panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka kwa mgomba mzima, kama halikupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa. Mgomba ulioambukizwa hauonyeshi dalili siku ile ile; hupita majuma, ndipo majani yaanze kugeuka. Dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha ugua hakuna. Lililopo ni kung'oa ulio mgonjwa, kuchoma panga motoni, kupanda machipukizi safi, na kuliondoa ua dume mara chane ya mwisho ikiisha kutoka. Ua hilo huvunjwa kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, ili chuma kisiguse mmea.

Alipokwisha kusema, kiranja alisimama akauliza, "Bwana, yule bibi alitembelea na nyumba nyingine majuma yale. Mbona migomba yao imesimama?"

Swali lile lilitufaa kuliko masomo yetu ya majuma mawili. Tuliliacha swali juu ya meza, tukawapa watoto kazi mpya: kila mmoja aulize kwao na kwa jirani zake, ni nyumba zipi bibi alizoingia, na ni mashamba yapi panga lile lilikoingia. Wakarudi na majibu, tukayaandika ubaoni. Nyumba alizotembelea bibi zilikuwa tano. Shamba lililougua kati ya hizo lilikuwa moja, nalo ni lile moja ambalo panga lilitumika baadaye kupogolea majani. Katika nne zile nyingine panga halikufika, na migomba yao ilikuwa mizima. Mguu wa bibi ulikanyaga mahali patano. Ugonjwa ulikwenda na panga.

Tuliwaambia habari ya daktari mmoja wa Kiingereza, John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu wengi katika mtaa wa Soho, London. Wakubwa na wasomi wa siku zile waliamini kwamba chanzo ni hewa chafu. Mahali penye harufu mbaya pana ugonjwa, basi harufu ndiyo sababu. Snow hakutosheka. Alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikunywa maji ya wapi, akaona kwamba wengi wao walichota katika pampu moja ya Broad Street. Aliwaonyesha wakubwa wa mtaa, nao wakaung'oa mkono wa pampu ile. Kabla hajaandika "therefore" yake, alichakaza viatu. Watoto walipendezwa sana kusikia kwamba wao nao wamefanya kazi ile ile, tena wengine bila viatu.

Hata hivyo bwana shamba aliwaonya wasikimbie. Panga lina alama nyingi za hatia, akasema, lakini nyuki nao wana njia yao, wala hatukuwafuata walikoruka. Ndipo tulipowafundisha neno lisilokuwamo katika orodha ya viungo, nalo ni "probably", yaani "huenda sana ikawa". Ni neno la mtu mkweli ambaye ameona mengi lakini hakuona yote. Twastaajabu kwamba vitabu vyetu huwapa watoto maneno kumi ya kufunga sababu na matokeo, visiwape hata moja la kulegeza fundo.

Kisha tukamwita binti mbele. Tulimwambia darasa likisikia kwamba alama zake zile hatuzifuti, kwa maana kosa halikuwa lake, alitii mwalimu. Tukamwomba aiandike upya habari ya migomba yao. Akafikiri kitambo, akaandika ubaoni: "Our neighbour borrowed our panga to cut her sick bananas. We did not put it in the fire before we used it again. As a result, our bananas probably caught the disease."

Tulimwuliza kwa nini ameandika "we", wala si "my father", hali sote twajua ni baba aliyepogoa. Akajibu, "Mwalimu, panga ni letu sote."

Darasa likaisoma kwa sauti mara tatu, madirisha yakiwa wazi kama siku ile ya kwanza. Kijana alikuwa amerudi katika kiti chake cha nyuma, akasoma pamoja na wenzake. Alipoondoka alikuwa ameinakili sentensi ile katika daftari, ampelekee bibi yake amfasirie. Hatutasema kwamba jina la "Therefore" lilikufa siku hiyo. Majina ya shuleni hayafi upesi. Tuliendelea kulisikia mara moja moja uwanjani, na kila tulipolisikia tulichomwa. Lakini maneno ya kisimani yalipungua, kwa kuwa watoto 60 walirudi makwao na habari ya panga na moto, na wazazi walikuwa na la kufanya kuliko kunong'ona.

Hapo tulijifunza jambo jingine: neno la sababu haliketi bure, huita tendo. Sisi watu wa Kagera twalijua kwa historia yetu. Askari wa Idi Amin walipoivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba akasema kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, na nia ipo, na uwezo upo. Baada ya neno hilo majeshi yalitembea mpaka Kampala. Mwalimu alikuwa na haki ya kutaja sababu, kwa maana ilikuwa imeonekana kwa macho: watu wameuawa, nyumba zimeporwa, vijiji vimekimbiwa. Lakini wakitaja sababu isiyoonwa, watu hutembea vile vile. Huenda wakaishia mlangoni kwa mjane.

Basi, ndugu walimu, haya ndiyo tufanyayo sasa. Zoezi la "unga sentensi hizi kwa neno hili" hatukuliacha, kwa kuwa watoto walihitaji na mtihani walingoja. Lakini jozi ya kwanza tuwapayo ni ile ya jogoo: "The cock crowed. The sun rose." Aiungaye kwa "therefore" hupata sifuri, hata nuktamkato yake ikiwa nzuri namna gani. Anayeandika "then" hupata alama zake. Kisha, kabla ya kuunga jozi yoyote, mtoto hujiuliza maswali matatu. Je, jambo hili kweli lilitangulia? Je, liko mahali pengine lilipotokea, na lile la pili lisitokee? Je, lile la pili huweza kutokea pasipo la kwanza? Akikwama katika moja, atumie "then", au "probably", au aache nukta ikae palipo nukta. Kuacha sentensi mbili bila kuziunga si ujinga wa Kiingereza; mara nyingine ndio uaminifu.

Nasi walimu tujiulize swali la nne: sentensi hii iliyo safi, je, ni ya kweli? Kalamu yetu nyekundu imezoea kuona herufi iliyopotea isione mtu aliyepotezwa. Uongo wenye sarufi mbaya huchekwa, ukaishia hapo. Uongo tuliousahihisha husafiri mbali.

Migomba ya nyumba zile mbili iling'olewa yote iliyougua. Mahali pake walipanda maharage na mahindi, wakingoja udongo utulie kabla ya kuleta machipukizi safi. Msimu ule bibi na wazazi wa binti walinunua ndizi sokoni kwa fedha, jambo ambalo mtu wa kwetu hulisema kwa aibu. Panga la baba yule lingali laazimwa, kwa maana ujirani haukukatika. Ila sasa hupita motoni kwanza, likitoka na likirudi, na bibi ndiye akazaniaye kuliko wote.

Mwenzetu aliye na njia bora ya kufundisha maneno haya na aiandike, tupate kujifunza.